Misa Luba na Nyimbo za Dunia: Tuimbe Nini Mbele ya Altare?

Katika seminari zetu na katika parokia zetu kuna swali moja linalorudi kila mwaka, hasa zikikaribia sikukuu za Noeli na Paska: nyimbo za dunia zinaweza kuingia kanisani, ama haziwezi? Korali inataka kuimba Utukufu kwa sauti ya wimbo unaopigwa katika mabaa ya mji. Wazee wanakataa, vijana wanakasirika, padri anabaki katikati yao akitafuta la kusema. Wa kwanza wanasema kwamba dunia ni adui wa roho, basi tuifungie mlango. Wa pili wanasema kwamba Mungu ndiye aliyeumba sauti zote, basi tufungue mlango wazi. Katika kila neno kuna ukweli fulani. Lakini wote wawili wanasahau jambo moja: kupenda wimbo pahali pake ni jambo moja, na kuuleta mbele ya altare ni jambo lingine.

Ili tusijadiliane kwa maneno matupu, tuchukue kazi moja iliyofanyika hapa kwetu, tuipime vizuri. Kazi hiyo ni Misa Luba ya Kamina. Tunaichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni kazi ya nchi yetu, nayo imesikiwa katika mabara mengi. Pili, imepita katika njia zote mbili: nyimbo za vijiji vyetu ziliingia ndani ya Misa, halafu nyimbo za Misa zikatoka kanisani zikaenda katika dunia, hata katika sinema. Mwenye kuitazama safari hiyo atapata mafundisho mengi kuliko katika mabishano ya korali kumi.

I. Namna Misa hii ilivyozaliwa

Mwaka 1953 alifika Kamina padri mmoja Mfransisko kutoka Ubelgiji, jina lake Guido Haazen. Alipewa kuongoza shule. Siku zile katika misioni nyingi watoto walifundishwa nyimbo za Ulaya zilizotiwa maneno ya lugha zetu, ao nyimbo za Kilatini kwa sauti za Gregoriani. Nyumbani waliimba vingine. Hivi mtoto mmoja alikuwa na midomo miwili: mdomo wa kijiji na mdomo wa kanisa, na hii miwili haikujuana. Padri Haazen alikusanya wavulana karibu 45 na walimu karibu 15, akafanya nao korali iliyoitwa kwa Kifaransa Les Troubadours du Roi Baudouin, ndiyo kusema Waimbaji wa Mfalme Baudouin. Aliwaacha waimbe kwa mdomo wao.

Misa Luba haikuandikwa na mtu mmoja mezani. Padri na waimbaji waliitafuta pamoja: mwanzishaji anatoa sauti, wengine wanaitikia, sauti isiyofaa inaachwa, sauti inayofaa inashikwa. Sehemu nyingi hazikuandikwa noti kwanza. Zilikaa katika kumbukumbu, kama zinavyokaa nyimbo za wazee wetu. Maneno yalibaki ya Kilatini bila kubadilishwa: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Agnus Dei. Hakuna kinanda ndani yake. Kuna sauti za watu, ngoma na vyombo vingine vya kupiga. Iliimbwa mara ya kwanza katika Misa kwenye misioni ya Kamina tarehe 23 mwezi wa tatu mwaka 1958.

Msomaji wa leo anaweza kuuliza: ajabu yake ni nini? Sharti akumbuke siku zile. Misa ilisomwa kwa Kilatini duniani kote. Ngoma kwa macho ya wamisionari wengi, na kwa macho ya Wakristu wengi waliobatizwa na wamisionari hao, ilikuwa kitu cha michezo ya usiku na cha mizimu. Mkristu mwema alijulikana kwa kuiacha. Kweli, Papa Pio XII, katika barua yake juu ya muziki mtakatifu ya tarehe 25 mwezi wa 12 mwaka 1955, alikuwa amewahimiza wamisionari wawape watu nyimbo takatifu zinazopatana na lugha yao na sauti wanazozizoea. Lakini Mtaguso wa Vatikano wa pili, uliosema wazi kwamba muziki wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada, ulitoa hati yake ya liturujia tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka 1963. Watoto wa Kamina walitangulia kwa miaka mitano na zaidi.

II. Vipimo vitatu

Tuipime kwa kipimo gani? Tusitafute mbali. Papa Pio X, katika agizo lake la tarehe 22 mwezi wa 11 mwaka 1903, alitaka muziki wa kanisa uwe na sifa tatu: uwe mtakatifu, uwe sanaa ya kweli, uwe wa wote. Aliongeza kwamba kila taifa laweza kutumia namna zake lenyewe, lakini namna hizo zitii sifa zile za jumla, hata mgeni wa taifa lingine akisikia asipate chukizo. Agizo hili ni la zamani, lakini vipimo vyake bado vinafaa.

Kipimo cha kwanza ni utakatifu. Utakatifu wa wimbo hautoki katika umri wake, wala katika nchi yake. Tusikilize Kyrie ya Kamina. Inafuata namna ya kasala. Wasomaji wetu Waluba wanajua kasala ni nini: ni wimbo wa kusifu na wa kulilia, unaotaja majina ya watu na ya ukoo, unaoimbwa watu wakisimama mbele ya kifo na mbele ya wakubwa wao. Anayeiimba hachezi, anaita. Sasa Kyrie ni nini? Ni mwito wa mtu maskini anayemwita Bwana kwa jina lake na kuomba huruma. Ona basi hekima ya waliotengeneza Misa hii. Hawakuchukua wimbo wowote kwa sababu tu ni wa Kiafrika. Walichukua wimbo ambao tangu zamani ulikuwa unafanya kazi iliyo karibu na kazi ya Kyrie. Kilio kilikuwako, walikielekeza kwa Yule anayeweza kukijibu.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa la kazi hii. Papa Gregori Mkubwa, mwaka 601, alimwandikia abate Mellitus juu ya Waingereza waliokuwa bado wapagani: nyumba zao za ibada zisibomolewe, miungu ya kuchongwa iondolewe, nyumba zitakaswe, ziwekwe altare. Lakini aliziruhusu nyumba za ibada. Watu walikuwa wamezoea kwenda humo kuabudu, na mazoea yale ya kuabudu ndiyo aliyotaka kuyaokoa. Kasala nayo ni nyumba ya namna hiyo. Aliyeijenga alizoea kuingia humo kwa moyo mzito.

Kipimo cha pili ni sanaa ya kweli. Juu ya jambo hili tusiogope kusema kwamba Misa Luba ni kazi nzuri, na uzuri wake una akili. Sikiliza Sanctus. Inaanza polepole, kwa sauti ya chini, ngoma ikigusa tu, kama watu wanaoingia pahali penye hofu. Baadaye, ikifika Hosanna, mwendo unageuka, ngoma zinapanda, na umati wote unapaza sauti. Mwalimu wa Maandiko hangeweza kufundisha vizuri zaidi. Maneno ya kwanza ya wimbo huu ni ya malaika ambao nabii Isaya aliwaona wakifunika nyuso zao. Hosanna ni ya watu wa Yeruzalemu wanaokata matawi njiani. Hofu ya mbinguni na furaha ya barabarani: waimbaji wameyatenga haya mawili na kuyaunga katika dakika chache. Na sauti ya Joachim Ngoi, mwanzishaji, haitafuti kujionyesha. Inapanda, inatoa njia, inawaachia wengine. Makorali yetu mengi yangejifunza kwake namna mwimbaji mmoja anavyowatumikia wengine.

Kipimo cha tatu ni kuwa wa wote. Hapa sharti tuigawanye hukumu yetu. Kwa upande wa mataifa, Misa hii imeshinda: watu wa Ulaya wasiojua hata neno moja la Kiluba waliisikiliza wakaona ni sala. Kwa upande wa Wakristu wa kawaida wa Kamina, imepungukiwa. Waimbaji wake walikuwa watoto na walimu waliochaguliwa na kuzoezwa muda mrefu. Mama anayetoka shambani, aliyesimama nyuma ya kanisa, hawezi kuiitikia. Anaweza kuisikiliza tu. Tena maneno ni ya Kilatini. Katika Credo, iliyo ndefu, sauti zinambeba msikiaji vizuri sana hata anaweza kufika mwisho amefurahi bila kuungama neno moja la imani. Kosa hili si la Padri Haazen, kwani sheria ya siku zile haikumruhusu kufanya vingine. Lakini ni upungufu, na mtu anayeisifu Misa Luba bila kuutaja hawasaidii vijana wanaotaka kuifuata leo.

III. Misa inapotoka kanisani

Mwaka ule ule wa 1958 korali ya Kamina ilikwenda Ulaya. Iliimba Ubelgiji, hata katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels, na katika nchi jirani. Tusipite mbio hapa. Katika Maonyesho yale yale serikali ya koloni ilikuwa imejenga kijiji cha Kikongo, na watu wetu waliwekwa humo wafanye kazi zao za mikono mbele ya wageni. Wageni wengine waliwatazama na kuwatendea kama wanyama wa kufungwa, hata wale ndugu wakachoka na dharau, wakarudi kwao mbele ya Maonyesho kwisha. Basi katika mji mmoja, mwaka mmoja, Mkongo alitazamwa kama kitu cha ajabu nyuma ya ugo, na Mkongo mwingine aliimba sifa za Mungu hata watazamaji wakanyamaza. Tunaweza kumshukuru Mungu kwa ajili ya wa pili. Lakini lazima tuulize pia: wale waliopiga makofi kisha Sanctus, walimpigia nani makofi?

Misa ikatiwa katika sahani ya muziki ya kampuni ya Philips, ikaenea pahali pengi. Mwaka 1964 Pasolini, Mwitalia asiyesadiki, alitengeneza sinema juu ya Injili ya Matayo, akaitolea kwa ukumbusho wa Papa Yohane XXIII. Ndani yake alitia Gloria ya Kamina. Mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson alitengeneza sinema inayoitwa if...., juu ya vijana wa shule ya bweni wanaoasi mpaka kupiga bunduki. Kijana mkubwa wa hadithi ile anasikiliza Sanctus ya Kamina mara na mara katika chumba chake. Sinema ile ilipewa tuzo kubwa ya Cannes mwaka 1969.

Tupime mambo haya mawili bila hasira. Asiyesadiki alichukua Gloria akaiweka karibu na Yezu maskini wa Matayo, na Wakristu wengi walitoka katika sinema ile wakiwa na moyo wa sala. Mwingine alichukua Sanctus, na katika hadithi yake neno Mtakatifu likawa alama ya kiu ya kijana ambaye hajui anataka nini, isipokuwa kuvunja. Sahani ni ile ile. Noti ni zile zile. Kazi ya wimbo ndiyo iliyobadilika.

Hapa tunaona kwamba wote wawili tuliowataja mwanzo wanakosea. Anayesema wimbo wa dunia hautakaswi, kasala ya Kyrie inamkanusha: ilitoka katika kilio cha kijiji, ikawa sala ya Eklezia. Anayesema wimbo mtakatifu unabaki mtakatifu popote, chumba cha yule kijana wa Uingereza kinamkanusha. Basi tusiulize tu wimbo umetoka wapi. Tuulize: hapa, leo, katika moyo wa anayeusikia, wimbo huu unafanya kazi gani?

IV. Shauri la Mtakatifu Augustino

Swali hili si jipya. Mtakatifu Augustino analiweka mbele ya Mungu katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake. Anakumbuka machozi aliyomwaga katika siku za kwanza za wongofu wake, akisikia nyimbo za Eklezia. Anajua nyimbo zile zilimsaidia. Lakini anajiogopa. Mara nyingine anaona kwamba sauti imemgusa kupita maneno yanayoimbwa, na hapo anakiri kwamba ametenda dhambi, angetamani asimsikie mwimbaji. Siku nyingine hofu yake inazidi, anataka nyimbo zote tamu ziondolewe masikioni mwake na mwa Eklezia. Kisha anatulia, anakubali desturi ya kuimba kanisani, ili kwa furaha ya masikio roho dhaifu iinuke.

Waseminari wapenzi, msimame hapa kidogo. Augustino hakatai na hafungui ovyo. Anaweka mlinzi, na mlinzi huyo anamweka ndani ya moyo wake mwenyewe, si mlangoni pa kanisa tu. Kipimo chake kinaweza kutumiwa na kila mtu, hata na katekista wa kijiji asiye na kitabu: nyuma ya Misa, uliza nafsi yako unakumbuka nini. Ukikumbuka Bwana, wimbo ulifanya kazi yake. Ukikumbuka gitari tu, wimbo ulifanya kazi nyingine.

V. Wimbo wa baa wenye maneno mapya

Sasa turudi kwa korali ile inayotaka kuimba Utukufu kwa sauti ya wimbo wa baa. Watetezi wake wana hoja moja ya nguvu, na ni haki tuisikie. Wanasema: Wazungu nao walifanya hivyo. Ni kweli. Katika karne ya 15 na ya 16 kulikuwa na wimbo wa Kifaransa juu ya mtu mwenye silaha, L'homme armé, wimbo wa dunia kabisa. Mafundi wa muziki walitengeneza juu yake Misa zaidi ya 40. Josquin alitengeneza mbili, na Palestrina mwenyewe mbili. Kwa nini basi waliyoruhusiwa wao tukatazwe sisi?

Tujibu kwa mambo mawili. La kwanza: tazama namna walivyofanya. Mara nyingi wimbo ule uliwekwa katika sauti moja ya katikati, ukaimbwa polepole sana, ukafunikwa na sauti zingine, hata msikiaji alipata shida kuutambua. Ulikuwa kama mti wa nyumba uliofunikwa na udongo: unashika ukuta, hauonekani. Korali yetu inafanya kinyume. Inautaka wimbo wa baa kwa sababu watu watautambua mara moja, watacheka, watapiga makofi. Wale walificha, hawa wanaonyesha. La pili: hata hivyo Eklezia haikunyamaza. Mtaguso wa Trento, tarehe 17 mwezi wa 9 mwaka 1562, uliwaagiza maaskofu waondoe makanisani muziki wote uliochanganyika na mambo ya tamaa na uchafu. Ndiyo kusema Ulaya nayo ilisumbuka na swali hili, ikasahihishwa.

Katika Misa Luba kasala ilileta kilio, na Kyrie ilihitaji kilio. Wimbo wa baa unaleta nini? Sauti ya wimbo haiingii peke yake. Inavuta nyuma yake maneno yake ya kwanza, pahali pake, watu wake. Mtu aliyeimba wimbo ule Jumamosi usiku akimbembeleza mwanamke asiye wake, Jumapili asubuhi mdomo wake utasema "Utukufu kwa Mungu", na kumbukumbu yake itasema nini? Mpe miaka 50, hata wote waliojua maneno ya kwanza wamekufa. Labda siku hiyo sauti ile itakuwa huru. Leo haijakuwa huru.

Lakini tusitoke hapa tukiichukia rumba na gitari. Huo ungekuwa ujinga na kukosa shukrani. Mwaka 1952, katika barabara za Jadotville, inayoitwa leo Likasi, Hugh Tracey alimkuta kijana mmoja akipiga gitari, Mwenda Jean Bosco, akachukua sauti yake katika mashini. Vidole vya kijana yule vilifanya gitari moja iseme kama watu watatu wanaoongea, na wapigaji wa nchi nyingi za Afrika walijifunza kwake. Nyimbo zake hazikuwa za kanisa. Je, zilihitaji kuingia kanisani ili ziwe nzuri? Hapana. Uzuri wake ni zawadi ya Muumba pahali pake: barandani, kwenye arusi, nyuma ya kazi. Rumba ya Kongo nayo, iliyowekwa na UNESCO mwaka 2021 katika orodha ya urizi wa mataifa, ina nyimbo zinazolilia wafu, zinazoonya wenye tamaa, zinazokumbusha vijana wazazi wao. Ina zingine chafu pia. Mtume Paulo aliwaambia Watesalonike wajaribu yote, washike lililo jema. Hakuwaambia walibebe lote altareni.

Mkristu anayedhani kila kitu kizuri lazima kitiwe chapa ya kanisa, anafanya makosa mawili: analazimisha vitu vya dunia viseme visichoweza kusema, na anaifanya Misa kuwa ghala. Mlei anayeimba vizuri wimbo wa upendo safi kwa mke wake hajatoka katika imani hata hatua moja. Padri asimwambie auache. Amwambie auimbe nyumbani, na mke ausikie.

VI. Tufanye nini?

Eklezia ya nchi yetu haikubaki Kamina. Baada ya kazi ya miaka mingi, ambayo Kardinali Malula na maaskofu wenzake waliibeba kwa uvumilivu, Roma ilikubali tarehe 30 mwezi wa 4 mwaka 1988 kitabu cha Misa cha majimbo ya Zaire. Humo upungufu wa Misa Luba umejibiwa. Maneno ni ya lugha zetu. Watu wote wanaitikia, si korali peke yake. Watakatifu wanaitwa, na pamoja nao wahenga wetu wenye moyo wa haki. Wakati wa Utukufu, padri na wahudumu wanazunguka altare kwa mwendo wa heshima. Papa Fransisko alisoma Misa kwa namna hiyo pamoja na Wakongo katika basilika la Mtakatifu Petro mwaka 2019 na mwaka 2022, na huko Ndolo, Kinshasa, tarehe 1 mwezi wa 2 mwaka 2023, mbele ya watu zaidi ya milioni moja. Njia iliyofunguliwa na watoto wa Kamina imekuwa barabara.

Lakini barabara pana ina hatari zake. Mwendo wa kuzunguka altare unaweza kugeuka mchezo wa kutazamwa. Vipaza-sauti vinaweza kuzima sauti ya mama yule wa nyuma ya kanisa kuliko Kilatini kilivyoizima. Kitabu kizuri hakimzuii mwimbaji kujitafutia sifa. Ndiyo maana vipimo vya zamani bado vinahitajiwa, na kila mmoja wetu ana sehemu yake.

Ninyi waseminari, msijifunze muziki wa Ulaya tu, wala msijifunze ule wa mji tu. Wakati wa likizo, kaeni na wazee wanaojua kasala, nyimbo za kuomboleza, nyimbo za kubembeleza mtoto, nyimbo za kazi. Ulizeni juu ya kila wimbo: uliimbwa lini, na nani, kwa sababu gani? Bila majibu hayo hamtajua ni wimbo gani unaofaa kwa toba na upi kwa shukrani, nanyi mtachagua kwa masikio tu. Wazee hao wanakufa, na kila mmoja anakwenda na nyimbo zake.

Nanyi waheshimiwa mapadri, msiwakatalie korali kwa neno moja la ukali, wala msiwakubalie kwa kuogopa manung'uniko. Mwite mkubwa wa korali. Mwimbishe wimbo anaoutaka, na maneno yake ya kwanza, mbele yenu wawili. Kama anaona haya kuyasema maneno yale mbele ya padri, amekwisha kujibu mwenyewe. Kama haoni haya, na kama hana sababu ya kuona haya, sikiliza zaidi; pengine kuna kasala mpya inayozaliwa.

Nanyi makatekista, mko karibu na watu kuliko sisi wote. Ninyi mnajua ni wimbo upi unaowafanya watu wapige magoti na upi unaowafanya wageuke kutazama korali. Semeni. Katika parokia nyingi padri ni mgeni wa lugha ile, anaona furaha ya watu na anadhani ni sala. Katekista anasikia maneno.

Misa Luba iliimbwa na watoto wa shule kwa maneno ya lugha isiyo yao, nayo ilikuwa sala, kwa sababu waliotengeneza walijua kila wimbo wa kwao ulilia kwa nini. Sisi tunaimba leo kwa lugha zetu wenyewe. Tukiimba bila kujua tunalia kwa nini, tutakuwa na uhuru mwingi kuliko wao, na sala kidogo kuliko yao.